Nanga ya Karagwe na Zawadi ya Mwenzi Anayeanza Kujifunza

Kusudi la makala haya ni kueleza habari za nanga, ala ya nyuzi ya Karagwe, na kutoka katika habari hizo kutafuta jibu la swali ambalo kwa kulitazama juu juu laonekana dogo: mume atakaye kumpa mkewe ala ya nyuzi ya kuanzia kujifunza, au mke atakaye kumpa mumewe, achague ipi, na kwa vipimo gani? Swali hili si la sokoni tu. Ndani yake mna swali la lugha, maana mtu hawezi kuagiza kitu asichokuwa na jina lake. Mna swali la historia pia, maana zawadi ya ala ni zawadi ya nyimbo, na nyimbo zisizopata mkono wa kuzipiga huzikwa pamoja na wazee waliozijua.

Karagwe na Kyerwa leo ni wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria. Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012. Zamani nchi hii ilikuwa ufalme mmoja, ambao historia yake imeelezwa na Israel Katoke katika kitabu chake cha mwaka 1975. Wenyeji ni Wanyambo, na lugha yao, Runyambo, ni ndugu wa karibu wa Kihaya na Kinyankore. Msamiati wake umekusanywa na Josephat Rugemalira na kutolewa mwaka 2002, ukifuatwa na sarufi mwaka 2005. Kwa hiyo mchunguzi wa leo hana udhuru wa kusema kwamba Runyambo haina maandishi ya kutegemea.

Tuanze na jina. Katika Kihaya na Runyambo ala hii huitwa enanga. Rwanda na Burundi huitwa inanga. Kwa Washi wa Kivu, upande wa Kongo, ni lulanga. Katika nchi hizi zote jina lamaanisha kitu kimoja: ubao mzito uliochongwa kama sinia au kihori kirefu, ambao juu yake nyuzi zimetandazwa toka ncha hadi ncha. Lakini ukivuka kuingia Buganda, jina lile lile, ennanga, ni la ala ya umbo jingine kabisa, kinubi chenye shingo iliyopindika kama upinde. Basi jina ni moja na maumbo ni mawili. Yamkini neno ni la kale kuliko umbo lolote mojawapo, na kila nchi imelivika ala iliyopendelewa na mafundi wake.

Msomaji wa Kiswahili hana budi kutahadhari hapa. Nanga ya Kiswahili cha kawaida ni chuma cha kuzuia chombo baharini, neno ambalo wataalamu hulifuatilia hadi Kiajemi. Haina udugu wowote na nanga ya Karagwe. Zimekutana kwa sauti tu, kama wageni wawili wenye jina moja. Neno la pwani lililo karibu zaidi kwa maana ni kinanda. Kamusi za karne ya 19 zalieleza kuwa ni ala ya nyuzi. Baadaye, ala za Kizungu zilipoingia makanisani na mashuleni, neno hilo lilihamia kwenye ala ya vibonyezo, na leo anayesema kinanda hufahamika kuwa ataka ile ya kubonyeza kwa vidole. Jambo la kustaajabisha ni kwamba ennanga ya Kiganda imepita njia ile ile: yaliyokuwa ya nyuzi yamekuwa ya vibonyezo. Lugha mbili, moja ya pwani na moja ya ziwani, zimelipokea jambo geni kwa kuliazima jina la jambo la nyumbani, na jambo la nyumbani likabaki bila jina lake.

Faida ya uchunguzi huu yaonekana mara moja katika swali letu. Mtu wa Kayanga atakayemwomba ndugu yake wa Dar es Salaam amletee kinanda kwa ajili ya mkewe, ataletewa ala ya umeme. Akitaka ile ya nyuzi za Kizungu, aseme mandolini au gitaa. Akitaka ya babu zake, aseme enanga, wala asione haya kulitamka neno la Kinyambo ndani ya sentensi ya Kiswahili.

Sasa tutazame ushahidi. Mwezi wa Novemba 1861 wasafiri wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda. Grant alibaki hadi Aprili, kwa kuwa mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya. Ugonjwa huo wake ulikuwa bahati kwa wanahistoria wa muziki, maana mtu asiyeweza kutembea hupata nafasi ya kusikiliza. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1864, Grant aliieleza nanga kwa makini kuliko ala nyingine yoyote ya nyuzi aliyoiona safarini. Alipima mbili: moja ilikuwa na urefu wa inchi 22 na upana wa inchi 9, yaani karibu sentimita 56 kwa 23; nyingine inchi 30 kwa 8, karibu sentimita 76 kwa 20. Ilikuwa ya mti mzito mweusi, na matundu yenye umbo la msalaba yamekatwa chini. Uzi ulikuwa mmoja tu, uliopitishwa kwenda na kurudi mara saba au nane juu ya vikalio vya ncha zote mbili. Wakati mwingine kibuyu kilifungwa nyuma ili kuikuza sauti.

Nduguye Rumanyika, ambaye wasafiri walimwita Nnanaji, aliombwa na mgonjwa ampelekee mpigaji, naye akamtuma aliye bora aliyemjua. Mtu huyo aliingia bila kutambulishwa, akaegemeza mkuki wake, akaketi mkekani, akapiga na kuimba habari za kutumwa kwake na habari za mbwa mmoja mpendwa. Watu wakakusanyika, na wimbo wa mbwa ukaimbwa pale kwa siku kadha wa kadha baadaye.

Lakini mtu wa kutufaa zaidi katika ushahidi huo si huyu. Ni bibi mmoja mzee, asiyetajwa jina, ambaye nanga yake Grant aliisikiliza waya kwa waya. Aliona kuwa nyuzi sita kati ya saba zilifuata ngazi ya sauti kamili, na moja tu ndiyo iliyokosea. Hapana shaka kipimo chake kilikuwa sikio la Mskoti, lililolelewa kwa ngazi ya sauti za Ulaya. Yawezekana sana kwamba uzi ule wa saba ulikuwa sahihi kwa sikio la bibi na kosa kwa sikio la mgeni. Hata hivyo jambo moja limethibitika wala halihitaji sikio la mtu yeyote: mwaka 1862, Karagwe, mwanamke alikuwa na nanga mikononi na aliipiga kwa ustadi uliomstahilia kuandikwa kabla ya mpigaji aliyetumwa na nyumba ya mfalme.

Nasisitiza neno hili kwa sababu uchunguzi wa siku zilizofuata umetuonyesha zaidi wanaume. M. M. Mulokozi, aliyekuwa wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1983 aliandika juu ya malenga wa nanga wa Kagera akiuliza kama ni watunzi wa tendi, na akajibu kwamba ndio. Jibu hilo lilikuwa zito, maana mwaka 1970 Ruth Finnegan alikuwa ametia shaka kama tendi zimo Afrika kwa maana iliyozoeleka Ulaya. Mulokozi alileta tendi za Wahaya, kama vile Mugasha, Rukiza na Kachwenyanja, na malenga kama Habibu Selemani. Katika tendi hizo ala si pambo. Nanga hushika mwendo wa kisa, humpa mwimbaji nafasi ya kupumua na kukumbuka, na humwambia msikilizaji kwamba jambo limegeuka. Mtu akiondoa nanga, amebakiza maneno yasiyo na mgongo.

Mwishoni mwa karne ya 19 ufalme wa Karagwe uliingia chini ya mkono wa Wajerumani, kisha wa Waingereza, na mwaka 1963 madaraka ya machifu yakafutwa na sheria ya Tanganyika huru. Mpigaji aliyekuwa akitazamia ukarimu wa ikulu akabaki na harusi, sherehe na vilabu vya rubisi. Jambo hili halikuwa hasara tupu. Ala iliyotoka katika ua wa mfalme yaweza kuingia katika nyumba ya mtu yeyote, na hapo ndipo swali la zawadi lilipopata maana yake. Zamani bwana mkubwa ndiye aliyemlisha mpigaji. Leo mwenzi wa nyumbani ndiye awezaye kumfanya mwenziwe kuwa mpigaji.

Basi achague vipi? Wengine watasema mandolini yafaa zaidi, na wana hoja. Ala hii ya Italia imekwisha kuzoeleka pwani katika taarabu, karibu na udi na fidla. Ina nyuzi nane zilizopangwa jozi nne, na jozi hizo hulinganishwa sauti kama fidla, hata ajuaye moja husaidika katika nyingine. Lakini ugumu wake kwa anayeanza hauna budi kutajwa. Vidole vya mkono mmoja hukandamiza nyuzi za chuma juu ya shingo, vya mkono wa pili hushika risha. Nyuzi zikiwa juu mno, ncha za vidole huuma na moyo huvunjika. Kila jozi yataka ilingane kabisa, la sivyo sauti hutetemeka. Atakayechagua mandolini atazame kwanza shingo kama imenyooka, na nyuzi kama zimekaa chini kiasi cha kukandamizwa bila nguvu. Rangi na mapambo ni ya mwisho.

Nanga ina wepesi wake na ugumu wake. Wepesi ni huu, kwamba kila mpito wa uzi una sauti yake moja, wala hakuna kukandamiza; mwanafunzi agusapo uzi hupata sauti safi tangu siku ya kwanza. Ugumu u katika kuilinganisha. Kwa kuwa uzi ni mmoja na unene ni mmoja, na urefu hautofautiani sana, sauti hutofautishwa hasa kwa kukaza na kulegeza, na ukiukaza mpito mmoja jirani yake huathirika. Kwa hiyo mnunuzi asiikubali nanga kwa kuitazama. Amwombe fundi ailinganishe mbele yake, kisha aguse kila mpito peke yake, wa saba kwa uangalifu kuliko yote, akimkumbuka bibi wa mwaka 1862. Ubao uwe umekauka kabla ya kuchongwa, maana mti mbichi hupasuka. Vikalio vya uzi viwe laini visije vikaukata. Kwa anayeanza, urefu wa sentimita 56 unatosha: hukaa mapajani bila kuchosha, na mipito saba yamtosha mtu kujifunza nyimbo nyingi kabla hajatamani wa nane.

Limebaki neno moja, na kwangu ndilo kubwa. Grant alipougua, alichopelekewa hakikuwa nanga bali mpigaji, na kilichobaki kijijini baada ya mpigaji kwenda zake ulikuwa wimbo vinywani mwa watu. Nanga hujifunzwa kwa kukaa karibu na ajuaye. Rwanda tuna mfano ulio wazi: Sophie Nzayisenga, mwanamke aliyepata sifa kubwa kwa inanga, alifundishwa tangu utoto na babaye, Thomas Kirusu, mpigaji mashuhuri. Ala bila mwalimu hutundikwa ukutani ikawa pambo la sebule. Kwa hiyo atakaye kumpa mwenziwe zawadi hii ampe vitu viwili kwa pamoja: nanga, na njia ya kwenda kwa mzee ajuaye kuipiga, pamoja na ruhusa ya muda. Mume asemaye kwamba amemnunulia mkewe nanga, kisha akamwachia kazi zote za shamba na jiko zilizokuwapo, hajampa kitu.

Twaweza sasa kujumlisha. Neno lilihama kutoka nyuzi kwenda vibonyezo, likaiacha ala ya kale bila jina katika Kiswahili cha kawaida. Ua wa mfalme ulifungwa, ukaiacha bila mlezi. Na sifa ya malenga wanaume imetusahaulisha bibi aliyewatangulia katika maandishi. Mambo haya matatu hayawezi kurekebishwa na taasisi peke yake. Kwa wachunguzi, kazi ni kuliingiza neno enanga katika kamusi zetu kwa maana yake kamili, na kuandika majina ya wanawake wanaopiga, ili atakayekuja baada yetu asikute tena fundi asiye na jina. Kwa wenye nyumba wa Karagwe na Kyerwa, kazi ni nyepesi zaidi, nayo yaweza kuanza katika msimu wowote wa kahawa: kumwendea fundi, kuulizia bei ya nanga ndogo ya mipito saba, na kuupeleka mkono wa mwenzi kwenye uzi.