Hiroshima Carp na Msimu wa Kofia Nyekundu

Hiroshima Carp, timu ya besiboli ya kulipwa, ilianzishwa mwishoni mwa 1949, miaka minne baada ya bomu la atomiki kuuteketeza mji huo tarehe 6 Agosti 1945. Jina lake ni la samaki wa maji baridi anayepatikana katika mto Ota, unaopita mjini hapo. Timu kubwa za Japani zilimilikiwa na kampuni za reli, magazeti au filamu. Carp haikuwa na tajiri nyuma yake. Ilikuwa mali ya wananchi, na kwa miaka ya mwanzo hilo lilimaanisha kwamba haikuwa na fedha.

Katika msimu wa kwanza, 1950, ilishinda michezo 41, ikapoteza 96 na kushika mkia. Mwaka uliofuata mishahara ilikwama, yakaanza mazungumzo ya kuiunganisha na Taiyo Whales. Kocha Shuichi Ishimoto, mzaliwa wa Hiroshima, aliukataa mpango huo akawaendea mashabiki. Mapipa ya pombe ya mchele yaliwekwa uwanjani, na watu ambao wenyewe walikuwa bado wanajenga upya makazi yao wakatumbukiza humo sarafu. Timu ikanusurika. Mtu wa Hiroshima anaposema "timu yetu", basi, hatii chumvi.

Uwanja wa manispaa ulifunguliwa 1957, karibu na jengo lenye kuba lililoachwa magofu kama kumbukumbu ya bomu. Mwaka 1968 kampuni ya magari ya Toyo Kogyo, ambayo leo ni Mazda, ikawa mfadhili mkuu. Matokeo hayakubadilika sana: 1972, 1973 na 1974 Carp ilimaliza ya mwisho mfululizo.

Ndipo akapewa ukocha Mmarekani Joe Lutz. Jambo lake lililoonekana mapema zaidi lilikuwa rangi: kofia za buluu iliyoiva ziliondolewa, wachezaji wakavaa nyekundu, ili kuonyesha ari ya kupigana. Lutz mwenyewe hakudumu. Kabla Aprili 1975 haijaisha aligombana na waamuzi, na uongozi wa timu ulipoingilia kati, akajiuzulu. Takeshi Koba akashika nafasi hiyo, naye ndiye anayestahili sehemu kubwa ya sifa za mwaka ule, ingawa kofia ya Lutz ndiyo inayokumbukwa haraka.

Koji Yamamoto aliongoza ligi kwa wastani wa upigaji, Sachio Kinugasa akawa nguzo ya pili, na mrushaji Yoshiro Sotokoba akapata ushindi mara 20. Tarehe 15 Oktoba, katika uwanja wa Korakuen jijini Tokyo, Carp ilikutana na Yomiuri Giants, timu iliyozoea ubingwa kuliko zote. Katika zamu ya tisa, ambayo ni ya mwisho, Gail Hopkins aliupiga mpira ukavuka uzio na kuingiza pointi tatu kwa mkupuo. Mchezo uliisha 4-0. Carp ilikuwa bingwa wa Ligi ya Kati, moja ya ligi mbili kuu za Japani, kwa mara ya kwanza, katika msimu wake wa 26.

Fainali ya taifa iliyofuata haikuwa na huruma: Hankyu Braves walishinda michezo minne, miwili ikawa sare, Carp haikupata hata mmoja. Ubingwa wa Japani ulipatikana 1979, ukarudiwa 1980 na 1984. Kofia ni nyekundu hadi leo.