Shahada ya Uzamili katika Usalama wa Mtandao na Mitandao ya Kompyuta: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujiunga na Wakati wa Utafiti

Mwananchi anapolipia huduma ya Serikali kwa kumbukumbu namba, taarifa zake husafiri kutoka kwenye simu kupitia mnara wa mawasiliano, mkongo, ruta na seva kadhaa kabla ya kupokea uthibitisho wa malipo. Kila hatua ya safari hiyo huhitaji mtaalamu anayeelewa namna taarifa zinavyosafirishwa na namna zinavyoweza kuibwa au kubadilishwa. Ndiyo maana masomo ya usalama wa mtandao na ya mitandao ya kompyuta huunganishwa katika shahada moja ya uzamili.

Makala haya yanaeleza yanayofundishwa, uhakiki unaopaswa kufanyika kabla ya kulipa ada, na mipaka ya kisheria ambayo mwanafunzi wa fani hii hapaswi kuivuka.

Yanayofundishwa

Kwa upande wa mitandao, mwanafunzi hujifunza itifaki za mawasiliano, upangaji wa ruta na swichi, mitandao isiyotumia waya na namna ya kugawa mtandao mkubwa katika sehemu ndogo. Kwa upande wa usalama, hujifunza usimbaji wa taarifa, ugunduzi wa uvamizi, tathmini ya vihatarishi na uchunguzi wa ushahidi wa kidijitali. Lengo ni kulinda mambo matatu: usiri wa taarifa, usahihi wake na upatikanaji wa huduma wakati wote.

Umuhimu wa kuunganisha pande hizo mbili ulionekana Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilipoenea duniani. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kuziba udhaifu husika tangu Machi mwaka huo. Hata hivyo, kompyuta ambazo hazikusasishwa ziliambukizwa, na programu hiyo ikajisambaza yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya mtandao. Nchini Uingereza, hospitali za umma zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa.

Kabla ya kujiunga

Kwa kawaida mwombaji hutakiwa kuwa na shahada ya kwanza ya kompyuta, TEHAMA, uhandisi wa mawasiliano au fani inayokaribiana nazo. Mwombaji anashauriwa kuthibitisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kuwa chuo na programu husika vinatambuliwa. Anayekusudia kusoma nje ya nchi, au kwa njia ya intaneti katika chuo cha nje, afanye hivyo mapema zaidi, kwa kuwa tuzo isiyotambuliwa inaweza kumkosesha ajira baada ya kugharamia masomo.

Ni vyema pia kuuliza kama chuo kina maabara ambamo wanafunzi hufanya majaribio ya mashambulizi na ulinzi bila kugusa mifumo inayotumika.

Mipaka ya kisheria wakati wa utafiti

Mwanafunzi wa fani hii hujifunza mbinu zilezile zinazotumiwa na wahalifu. Kinachowatofautisha ni ruhusa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 4, inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara 3 ya thamani ya manufaa yaliyopatikana, kwa kuzingatia kiasi kilicho kikubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Kifungu cha 5 kinamgusa pia mtu anayeendelea kutumia mfumo baada ya muda aliopewa kumalizika.

Kwa hiyo, barua ya utambulisho kutoka chuoni pekee haitoshi. Kabla ya kupima usalama wa mfumo wowote, mwanafunzi apate kibali cha maandishi cha mmiliki kinachotaja mifumo itakayopimwa, mbinu zitakazotumika, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Nia njema ya kusaidia haiwi mbadala wa kibali hicho.

Aidha, kumbukumbu za mtandao mara nyingi hubeba majina, namba za simu na mienendo ya watumiaji. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Mtafiti akusanye zile tu anazozihitaji, aondoe utambulisho wa wahusika na asizitumie kwa kusudi jingine.

Mwanafunzi akigundua udhaifu katika mfumo, amjulishe mmiliki wake au kitengo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta (TZ-CERT), kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Asiutangaze katika mitandao ya kijamii kabla haujazibwa, kwani watakaoathirika kwanza ni wananchi wanaoutegemea mfumo huo.