Chuma na Mwili Wenyewe

Vijana huuliza: misuli hujengwa kwa kuinua chuma, au kwa kujiinua mwenyewe? Historia imekwisha kutoa jibu.

Mwaka 1806 Prussia ilishindwa vitani na Napoleon. Katika uchungu wa kushindwa huko, mwalimu Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi Hasenheide, karibu na Berlin, mwaka 1811. Miongoni mwa kazi za wanafunzi wake ilikuwa kukwea kamba na kujiinua juu ya miti. Walipata nguvu, na serikali ikaingiwa na hofu. Mwaka 1820 mazoezi hayo yalipigwa marufuku, na ruhusa haikurudi mpaka 1842.

Chuma nacho kina ushahidi wake. Katika Vita Kuu vya Pili, askari wengi wa Marekani walilala hospitalini, misuli ya miguu yao imesinyaa kwa majeraha. Daktari Thomas DeLorme aliwapa vyuma wainue, akiongeza uzito kidogo kidogo. Mwaka 1945 alitangaza matokeo: misuli ilinenepa na nguvu zikarejea.

Basi, siri ni nyongeza. Msuli haujui chuma wala mwili; hujua mzigo uliozidi ule uliouzoea. Chuma huongezwa kwa urahisi, ratili baada ya ratili. Asiye nacho, akizoea kujisukuma kutoka ardhini kwa mikono, na aweke miguu juu ya jiwe. Mzigo wa mikono utazidi. Haba na haba hujaza kibaba.