London hadi Paris: Muda Uliookolewa Angani Ukapotelea Ardhini

Kutoka London hadi Paris ni takriban kilomita 340 kwa mstari ulionyooka. Umbali huo haujabadilika, lakini muda wa kuuvuka umebadilika mno, na historia yake inatufunza jambo ambalo wapangaji wa usafiri hulisahau: kasi ya chombo ni sehemu tu ya safari, na dakika zinazookolewa angani huweza kupotelea ardhini.

Tarehe 25 Agosti 1919, rubani Bill Lawford wa kampuni ya Aircraft Transport and Travel aliruka na ndege aina ya DH.4A kutoka Hounslow Heath, magharibi mwa London, akatua Le Bourget, karibu na Paris, baada ya takriban saa mbili na nusu. Alibeba abiria mmoja tu, mwandishi wa habari, pamoja na magazeti, ngozi na krimu ya maziwa ya Devon. Kwa kuwa treni na meli zilichukua zaidi ya saa sita, ndege haikuwa na mshindani. Kisha, tarehe 29 Julai 1950, shirika la ndege la Uingereza, BEA, likapeleka ndege aina ya Viscount kutoka Northolt hadi Le Bourget, ikawa safari ya kwanza ya ratiba duniani kwa ndege ya abiria yenye injini za tabaini. Muda wa angani ukashuka hadi karibu saa moja, na leo ni pungufu ya hapo.

Hata hivyo, ardhini mambo yalikwenda kinyume. Uwanja wa Charles de Gaulle, uliofunguliwa mwaka 1974, uko kilomita 25 hivi kutoka katikati ya Paris, zaidi ya mara mbili ya umbali wa Le Bourget. Utekaji nyara wa ndege ukaleta ukaguzi wa abiria. Na baada ya njama ya kulipua ndege kwa vimiminika kugunduliwa London Agosti 2006, hata chupa ya maji ikawa ya kuachwa kwenye ukaguzi. Tiketi husema saa moja na robo hivi, lakini ukijumlisha njia ya kwenda uwanjani, foleni na kusubiri mizigo, safari hufikia saa nne au zaidi.

Pengo hilo ndilo lililoipa treni nafasi. Eurostar ilianza Novemba 1994 kupitia handaki la chini ya bahari, ikitumia karibu saa tatu. Na tangu reli mpya ya kwenda stesheni ya St Pancras, London, ilipokamilika mwaka 2007, treni hutumia saa mbili na robo. Kwa kasi ya chombo pekee ingeshindwa vibaya na ndege, lakini huanzia mjini na kuishia mjini.

Wapo watakaosema kwamba ukaguzi huokoa maisha. Ni kweli, na hakuna mwenye busara atakayetaka uondolewe. Lakini gharama ya lazima nayo huhesabiwa. Wengine watasema treni nayo ina pasipoti na foleni, na nauli yake si ndogo. Hilo nalo ni kweli, ila halifuti faida ya stesheni iliyo katikati ya jiji. Kwa hiyo serikali inayopanga uwanja au reli isijivunie kasi ya juu kabisa. Ipime muda tangu msafiri anapofunga mlango wake hadi anapobisha hodi aendako, na fedha izielekeze pale muda huo unapopotea.