Mkimbizi Aliyechora Mji

Sisi wa Kariakoo twakijua kiwanja cha Mnazi Mmoja: Waingereza walikiacha wazi kiwe mpaka kati ya mitaa ya Waafrika na ya Wahindi. Tukikumbuke tunapomtaja Ernst May, Mdachi wa nasaba ya Kiyahudi, bingwa wa kuchora ramani za miji. Hitler aliposhika utawala mwaka 1933, May alikuwa Urusi, wala hakuweza kurudi kwao. Mwaka 1934 akaja Tanganyika, akalima karibu na Arusha. Wakati wa vita Waingereza walimweka kizuizini. Kisha wakamkabidhi kazi ya kuupanua mji wa Kampala. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1947. Barabara za Kololo zaufuata mwinuko wa kilima kwa uzuri, twakiri. Lakini Kololo aliwatengea Wahindi, na Naguru Waafrika. Naye ni mtu ambaye Wanazi walimchukia kwa nasaba yake! Alirejea Udachi mwaka 1954.