Jina la Kitambaa na Kitambaa Chenyewe: Maneno ya Ushonaji na Utafutaji wa Vifaa vya Maleba ya Kale

Fundi anayetakiwa kushona maleba ya tamthilia ambayo matukio yake yanatokea Unguja katika miaka ya 1860 huianza kazi yake mahali ambapo wanaisimu hawana desturi ya kupatembelea, napo ni kwenye meza ya muuza vitambaa. Mkononi huwa na orodha aliyoikusanya kutoka katika kamusi na vitabu vya wasafiri: merikani, bafta, kaniki, melimeli, joho, zari, taraza. Iwe ni Darajani, Mtaa wa Uhuru jijini Dar es Salaam au Mtaa wa Biashara mjini Mombasa, muuzaji atakuwa na jibu kwa maneno mengi katika orodha hiyo. Atanyoosha mkono, atateremsha jora, na bei itatajwa. Hapo ndipo fundi anapopaswa kuwa na hadhari. Neno lililosahauliwa halimdhuru sana, kwa kuwa litampeleka kwenye utafiti. Linalomdhuru ni lile linaloitikiwa upesi, ilhali kitu kilichobeba jina hilo kimekwisha kubadilika.

Mfano ulio wazi zaidi ni merikani. Mwaka 1833 Seyyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa nchi hiyo, Richard Waters, akaanza kazi Unguja. Meli za Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito kiasi, chenye rangi ya maziwa yaliyokaa, nazo zikaondoka na pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi. Watu wa pwani walikipa kitambaa hicho jina la nchi kilikotoka. Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya 1857 na 1859, alikikuta kikiwa kama fedha: mishahara, hongo na chakula vililipwa kwa shuka za merikani. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, na pamba ikaadimika viwandani. Nafasi hiyo ilichukuliwa na vitambaa vya Uingereza na baadaye vya viwanda vya Bombay. Wanunuzi waliendelea kuagiza merikani, na wauzaji hawakuona sababu ya kuwasahihisha.

Kwa hiyo neno ambalo lilianza kama kauli ya asili ya bidhaa lilikwisha kuwa, katika muda wa kizazi kimoja, kauli ya sura yake tu. Kwa mwanaisimu huu ni upanuzi wa maana wa kawaida kabisa. Kwa fundi wa maleba ni swali la tarehe. Merikani ya mwaka 1855 na merikani ya mwaka 1885 zaweza kuwa zimetoka mabara mawili tofauti, na ya leo, mara nyingi, ina nyuzi za sintetiki ndani yake. Mafundi wenye uzoefu hawaulizi zaidi. Huomba kichane kidogo cha kitambaa na kukiunguza kwa kiberiti. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Hariri hunuka kama nywele. Poliesta huyeyuka na kuganda kama ushanga mgumu. Kamusi haina jaribio kama hilo, na pengine ingefaa iwe nalo.

Bafta nayo imesafiri, ingawa kwa njia nyingine. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni “kilichofumwa”. Katika biashara ya Bahari ya Hindi lilikuwa jina la kitambaa cheupe cha pamba kutoka Gujarat, na kanzu nyeupe za watu wenye uwezo zilishonwa kwa bafta. Leo katika sehemu nyingi za pwani neno hilo huwakumbusha watu sanda kwanza. Fundi anayeingia dukani na kuagiza bafta ya watu kumi na wawili asishangae muuzaji akimpa pole kabla ya kumpa bei.

Joho limehama kutoka kitambaa hadi vazi. Neno la Kiarabu lililozaa joho lilitaja kitambaa kizito cha sufu. Waswahili wakalitumia kwa vazi refu lililo wazi mbele, lililoshonwa kwa kitambaa hicho na kupambwa kingoni kwa zari, ambalo waheshimiwa walilivaa juu ya kanzu. Mtu akiuliza joho mjini leo, huenda akaelekezwa kwa wanaokodisha majoho ya mahafali. Wasomi wa chuo kikuu wanaovaa vazi hilo kila mwaka hawajali sana kwamba jina lake lilikuwa la kitambaa kabla ya kuwa la heshima.

Zari inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayowapotosha hata mafundi wazuri. Neno linatokana na zar ya Kiajemi, dhahabu. Zari ya zamani, ambayo Surat ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vikubwa, ilikuwa uzi wa hariri uliozungushiwa utepe mwembamba sana wa fedha, na fedha hiyo ikapakwa dhahabu. Ilikuwa nzito, na ilichakaa kwa namna yake: dhahabu ikilika, fedha iliyo chini yake hupata kutu nyeusi. Mtu anayeliangalia joho la kale katika makumbusho akaona kingo zilizofifia kuwa kijivu au nyeusi, kisha akanunua utepe mweusi ili kuiga alichokiona, anashona uchakavu badala ya vazi. Zari ya madukani leo kwa kawaida ni utepe wa plastiki uliopakwa madini. Haifubai, hung’aa mno chini ya taa za jukwaani, na uzito wake hautoshi kuuvuta upindo wa vazi uning’inie unavyopaswa. Asiyeweza kupata zari ya fedha hufanya vyema kuchagua ile iliyofifia zaidi dukani, ingawa muuzaji atamsihi achukue inayong’aa.

Uzi wa kawaida una tarehe zake pia. Pamba yenye mng’aro, inayouzwa kama uzi bora wa kudarizia, hutokana na njia ambayo John Mercer aliigundua katika miaka ya 1840, lakini mng’aro huo haukuenea kibiashara hadi miaka ya 1890. Kaniki ya 1860 ilitiwa rangi kwa nili ya mmea. Nili ya kutengenezwa maabara haikuingia sokoni mpaka 1897. Tofauti hiyo haionekani sana kutoka viti vya nyuma vya ukumbi. Huonekana katika makumbusho, ambako mtazamaji husimama hatua moja tu kutoka kwenye nguo.

Hata hivyo, vifaa peke yake havitoshi bila mkato, na ni katika mkato ambako msamiati wa Kiswahili una utajiri usiotambuliwa vya kutosha. Kanzu ya zamani ilikuwa na sehemu zenye majina. Badani ni vipande vya mbele na nyuma. Neno latokana na Kiarabu badan, mwili. Taharizi ni vipande vya pembeni vinavyoongezwa chini ya mikono ili vazi lipanuke kuelekea miguuni. Kikwapa ni kipande kidogo cha kwapani kinachoupa mkono nafasi ya kunyanyuka. Sijafu ni ukingo uliokunjwa ndani wa mikono na wa upindo, na kaba ni kitambaa kinachoshonwa ndani ya shingo ili kuiimarisha. Kati ya maneno hayo matano, kikwapa ndilo lililoundwa wazi kwa mzizi wa Kibantu na kiambishi cha udogo. Mengine yalikuja na ufundi wenyewe, au na mafundi.

Kwa nini kuwe na taharizi? Jibu limo katika upana wa kitambaa. Vitambaa vingi vya karne ya 19 vilikuwa na upana wa takriban yadi moja au chini ya hapo. Mwili wa mtu mzima anayetembea hauenei katika upana huo, hivyo fundi alikata badani iliyonyooka na kuongeza vipande pembeni, bila kupoteza hata kipande. Jora za sasa huwa na upana wa inchi 45, na nyingi hufika inchi 60. Kwa upana huo kanzu hukatwa pana tangu mwanzo, na mshono wa pembeni hauhitaji nyongeza. Taharizi ilipopoteza kazi yake, jina nalo likaanza kupotea vinywani mwa mafundi vijana. Wanaisimu wamezoea kueleza kufa kwa maneno kwa athari za lugha nyingine, kwa shule au kwa siasa. Hapa sababu ni mtambo wa kufumia. Fundi wa maleba anayetaka kanzu ianguke kama ilivyoanguka zamani hana budi kukikata kitambaa chake kipana kuwa chembamba kwanza, kisha akirudishie upana kwa taharizi, jambo ambalo anayelipia kitambaa huliona kuwa ni ubadhirifu.

Vipimo navyo visipuuzwe. Shuka ilikuwa mikono minne, na doti mikono minane, yaani shuka mbili. Leo doti ni jozi ya kanga. Anayesoma katika kitabu cha kale kwamba bibi fulani alipewa doti, kisha akaenda kununua kanga, amekosea mara mbili: amekosea kipimo, na amekosea vazi.

Kosa hilo la pili ndilo zito kuliko yote yaliyokwisha kutajwa. Kanga ilizaliwa katika robo ya mwisho ya karne ya 19, wakati leso zilizopigwa chapa, ambazo jina lake latokana na Kireno lenço, ziliposhonwa pamoja kuwa nguo moja, na baadaye zikachapwa nzima. Nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, maarufu kama Abdulla, ilianza Mombasa mwaka 1887. Maandishi kwenye kanga yalikuja baadaye. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa mwaka 1897. Katika miaka hiyo hiyo, wanawake waliokuwa wakitoka utumwani waliiacha kaniki na merikani isiyo na pambo na kujifunga kanga. Mhusika mtumwa wa mwaka 1860 akivishwa kanga yenye methali kwa herufi za Kirumi, kosa si la rangi wala la pindo tu. Amevishwa alama ya hali ambayo mtu huyo hakuwa nayo, na huenda hakuishi kuiona. Watazamaji wengi hawatalalamika, kwa kuwa kanga huonekana kwao kuwa ya tangu na tangu. Hilo linalizidisha kosa, kwa kuwa vazi hufundisha bila kuulizwa.

Mwishoni mwa orodha limebaki taraza. Mzizi wake umetoka mbali: tiraz, neno lililoingia Kiarabu kutoka Kiajemi, lilitaja nakshi, kisha kanda zenye maandishi ya majina ya makhalifa wa Abbasi na wa Fatimi, na hata karakana zilizozifuma. Katika Kiswahili lilibaki na maana ndogo na safi zaidi, ambayo ni ukingo mwembamba, mara nyingi wa hariri, unaofumwa kwa mkono kwenye kilemba au nguo ya kiunoni. Na kitenzi chake ni kutarizi. Wengine wangependa kuona katika pindo za kanga na maandishi yake uzao wa tiraz. Dhana hiyo inavutia, lakini kufanana kwa vitu viwili si ushahidi wa ukoo wao, na njia ya leso inaeleza kanga vya kutosha.

Muuzaji akiulizwa taraza ataleta utepe wa poliesta au lesi, kwa mita. Jibu lake ni la haki, maana hana kingine. Lakini taraza haikuwa kitu cha kununuliwa kwa mita na kushonwa juu ya nguo. Nyuzi zake ziliunganishwa na nyuzi za nguo yenyewe ukingoni, na nguo iliyotoka India au Maskati ingeweza kumaliziwa kwa mikono mingine, kwa hariri nyingine, katika mji mwingine. Fundi atakayeamua kuifanya hivyo atahitaji siku kadhaa kwa kilemba kimoja, nyuzi za hariri zisizozidi gramu chache, na mtu wa kumshikia upande wa pili.