Kabla Gurumo Hajahama

Muulize shabiki mkongwe wa muziki wa dansi jijini Dar es Salaam wimbo fulani ulitoka lini. Mara nyingi hatakutajia mwaka. Atasema, "Huo ni wa kabla Gurumo hajahama." Mwenzake atadakia, "Kuhama kupi? Mbona alihama zaidi ya mara moja?" Hapo ubishi umeanza, na ukiwa na shughuli nyingine bora uage mapema.

Ninaandika tasnifu ya shahada ya umahiri katika historia, na ubishi huu wa Msondo na Sikinde umekuwa sehemu kubwa ya utafiti wangu. Niliambiwa chuoni kwamba ushabiki si chanzo cha historia. Naona ni chanzo, tena kizuri, mradi ujue namna ya kukisikiliza.

Kwanza mambo yenyewe. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina, nayo ikabadilika: ikawa JUWATA, kisha OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, na Muhiddin Maalim Gurumo, sauti kubwa ya JUWATA, akahamia huko. Bendi hiyo ilianza chini ya shirika la usafiri na teksi. Mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC, huku mtindo wake ukijulikana kama Sikinde. Mwaka 1985 Gurumo na Hassan Bitchuka wakaenda Orchestra Safari Sound, bendi ya mfanyabiashara binafsi. Baadaye Gurumo akarudi Msondo, akabaki huko hadi alipostaafu. Alifariki Aprili 2014.

Kwa hiyo "Gurumo alipohama" ni kalenda, na kila upande una kalenda yake.

Mashabiki walibishania nini hasa? Wa Msondo walisema kwao ndiko kwenye asili, kwamba Sikinde ni mtoto aliyetoka nyumbani kwao. Wa Sikinde walijibu kwa mpangilio: magitaa yanavyopishana, tarumbeta na saksafoni zinavyojibizana, na mkono wa Michael Enoch, aliyetokea Dar es Salaam Jazz. Walibishania pia mashairi, nani anaonya vizuri na nani analalamika tu.

Tukumbuke mazingira. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wala redio binafsi hadi miaka ya 1990. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, na nyingi zilimilikiwa na mashirika, jeshi, polisi au jumuiya za chama. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Uhakiki wa muziki ulifanyika kwenye vijiwe, kwenye bao na mlangoni mwa ukumbi, ambako shabiki alitoa kiingilio au alipita akaenda kwa wapinzani. Katika nchi ambayo karatasi ya kura ya urais ilikuwa na jina moja, hapa palikuwa na pande mbili, na mtu aliweza kutangaza upande wake kwa sauti.

Desturi ya kugawana pande ni ya zamani kuliko dansi. Kwenye ngoma ya beni, Marini na Arinoti walishindana miji mingi ya Afrika Mashariki baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, anaonyesha kwamba Marini walihesabiwa kuwa watu wa hadhi, makarani na wenzao, na Arinoti watu wa chini. Kwa Msondo na Sikinde sijauona mgawanyiko wa namna hiyo. Nimekuta nyumba moja yenye pande zote mbili.

Ni kweli shabiki huvutia kwake. Ndiyo maana nasikiliza zaidi anachokikubali kwa shingo upande. Shabiki wa Msondo akiniambia kwamba kuondoka kwa Gurumo kuliitikisa bendi yake, hilo naliandika, kwa sababu halimfaidishi. Nikiwakutanisha wa pande mbili, kila mmoja humkagua mwenzake kuliko mimi ninavyoweza: huyo hakuwepo, gitaa lile si lake, wimbo ule ulipigwa kwanza kwetu. Jambo likivuka ubishi huo wote bila kupingwa, nina imani nalo.

Sisi leo tunabishana kuhusu Diamond na Alikiba, na tukibanwa tunachomoa namba za YouTube. Wazee wale hawakuwa na namba za kuchomoa. Iliwabidi waueleze wimbo wenyewe, ubeti kwa ubeti, gitaa kwa gitaa, na kumbukumbu ikakaa.

Lakini imekaa vichwani mwao, nao wanapungua. Ukiwa na babu au mama mkubwa wa Msondo, mtafutie jirani wa Sikinde, waketishe pamoja, washa simu urekodi. Usiwaamue.